Ndege za Mjapani Zirudishwe Mezani

Wasomaji waliofika shuleni Siku ya Wazazi muhula uliopita wataikumbuka meza iliyokuwa karibu na mlango wa maktaba. Juu yake chama chetu cha ndege za mfano kilipanga ndege saba, zote za Japani za wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mbili zilikuwa za plastiki, zilizoletwa na mjomba wa mwenzetu mmoja aliyekuwa akisoma huko Japani. Tano tulizichonga wenyewe kwa mbao za paina, tukazipiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Watu walizisifu sana, nasi tukajiona mafundi.

Yapata saa tano akaja mzee mmoja, babu wa kijana wa Kidato cha Pili. Tukamwamkia, akaitikia vizuri. Akaitazama ile ndege kubwa kuliko zote, akainama, akaitazama tena, kisha akauliza, "Wajukuu zangu, duara hili jekundu si la Mjapani?" Tukajibu, "Ndiyo, babu." Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Baba yangu alikuwa Keya. Alikwenda Burma kupigana na watu hawa. Yeye alirudi, lakini wenziwe wawili aliotoka nao kijijini hawakurudi. Nanyi mmewapaka rangi wakapendeza." Hakugombana wala hakupaza sauti. Alichukua fimbo yake akaenda kuketi chini ya mwembe.

Jumatatu iliyofuata ndege zote saba zilitiwa katika kabati la stoo, na mpaka leo ninapoandika zimo humo. Hakuna aliyetuadhibu. Tuliambiwa tu kwamba jambo hili litafikiriwa. Basi kwa kuwa linafikiriwa, naomba na mimi nisaidie kulifikiri.

Tangu siku ile nimesikia maneno ya namna tatu. Wako wasemao kwamba chama kivunjwe, au kichonge majahazi na mabasi. Wako wasemao kwamba ndege zirudi, ila duara jekundu lifutwe ili asichukizwe mtu. Na wako, hasa katika bweni letu, wasemao kwamba hivi ni vitu vya kuchezea tu, na mzee yule alikuza jambo dogo. Mimi sikubaliani na hata mmoja wao, na wa mwisho ndio wanaoniudhi zaidi.

Kwanza tumtendee haki yule mzee. Sisi vijana tukisikia habari za vita vya Mjapani tunadhani ni mambo ya sinema, Wamarekani na visiwa vya mbali. Sivyo. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake walikuwamo askari kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, iliteremka katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, katika matope na malaria, ikawasukuma Wajapani mpaka Kalewa, na mwezi wa Desemba ikavuka mto Chindwin. Kabla ya hapo, tarehe 12 Februari mwaka uo huo, meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache tu. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mtu ambaye jamaa zake walikwenda katika vita hivyo ana haki ya kushtuka anapoliona duara lile limeng'arishwa juu ya kitambaa cheupe cha meza.

Kosa lilikuwa letu, nalo halikuwa kosa la kutengeneza bali la kuonyesha. Mbele ya kila ndege tulikuwa tumeweka kijikaratasi chenye jina, mwendo kwa saa, na upana wa mabawa. Basi. Mtu angeweza kudhani tunauza baiskeli. Kwenye ile kubwa tuliandika, "Zero, kilometa 533 kwa saa." Hatukuandika kwamba ilianza vita vyake mwezi wa Septemba 1940 juu ya mji wa Chongqing nchini China, wala kwamba ilikuwa miongoni mwa ndege zilizoshambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941. Tena tulikosea jambo jingine ambalo yule mzee hakutuambia, maana yeye ni mtu wa adabu. Zero ilikuwa ndege ya jeshi la majini. Ndege ya kivita ambayo Keya wa Burma angeiona mara nyingi zaidi ni ya jeshi la nchi kavu, iitwayo Hayabusa, yaani kozi. Hatukuwa nayo hata moja. Tulimwonyesha mtoto wa Keya ndege saba za Mjapani, na ile iliyomhusu baba yake haikuwapo!

Walakini kuzifungia kabatini si dawa. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza kama fundi, maana ndiyo sehemu ninayoijua.

Mtu anayejenga ndege ya mfano huanza ndani, kwenye chumba cha rubani, kwa sababu akishafunga pande mbili za kiwiliwili hawezi tena kuingiza brashi. Katika Zero yetu, ambayo ni ya kipimo cha 1 kwa 48, kiti cha rubani ni kidogo kama ukucha wa kidole gumba, nacho kina matundu. Nilidhani ni pambo. Nikaanza kuuliza na kusoma, nikakuta kwamba matundu yale yalitobolewa ili kupunguza uzito. Mhandisi wake, Horikoshi Jiro, alitakiwa na jeshi la majini kutengeneza ndege yenye mwendo wa kasi, yenye kugeuka upesi, na yenye kuruka mbali sana, hali injini alizokuwa nazo hazikuwa na nguvu nyingi. Njia iliyobaki ilikuwa ni kukata uzito kila mahali. Alitumia aluminiamu ya namna mpya, akatoboa matundu, na ndege ikawa nyepesi ajabu. Ilipokuwa tayari, mwaka 1939, ilitolewa kiwandani Nagoya vipande vipande, ikapakiwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe, ikavutwa karibu kilometa 50 mpaka uwanja wa ndege wa Kagamigahara. Ng'ombe wakiivuta ndege iliyokuwa bora kuliko nyingi duniani! Habari hiyo nimewasimulia wadogo zangu mara nyingi mno, sasa wakiniona wanakimbia.

Lakini uzito uliokatwa ulikuwa pia uzito wa kumlinda mtu. Nyuma ya kiti kile hamna bamba la chuma la kuzuia risasi. Matangi ya petroli hayakuwa na utando wa mpira wa kuziba tundu likipigwa. Kwa hiyo ndege ile iliyotisha katika miaka ya mwanzo ya vita, baadaye, maadui walipopata ndege zenye nguvu zaidi, ilikuwa ikishika moto kwa risasi chache. Zilitengenezwa zaidi ya 10,000. Haya yote niliyafuata kwa sababu ya matundu ya kiti kidogo kama ukucha.

Upakaji rangi nao una mafunzo yake, na hapa nitawaomba wasomaji wanivumilie, maana ndiyo kazi niipendayo. Ndani ya mwili wa ndege Wajapani walipaka rangi nyembamba ya buluu iliyochanganyika na kijani, inayopitisha mwanga kama kioo cha chupa, ili kulinda aluminiamu isiliwe na chumvi ya bahari. Sisi tuliipata kwa kupaka rangi ya fedha kwanza, kisha juu yake rangi ya buluu na ya kijani iliyozimuliwa sana. Kwa nje, muda wa miaka mingi wajenzi walikuwa wakiipaka Zero ya mwanzo rangi ya kijivu cheupe. Baadaye watu wenye bidii walivichunguza vipande vya ndege zilizoanguka, wakakuta rangi ya asili ilikuwa kijivu chenye kuelekea manjano na kijani, ambayo ikikaa juani hupauka ikawa kama chaki. Watu wazima wenye akili timamu hugombana juu ya rangi hiyo mpaka leo. Nami siwacheki, maana tulichanganya kopo nne kabla hatujaridhika, na kopo ya tatu mwalimu wetu aliiita rangi ya uji wa ulezi.

Sasa angalia ndege za mwisho wa vita. Hizo zilipakwa kijani kizito kwa juu ili zisionekane zinapokuwa chini, na rangi yake aghalabu ilipakwa kwa haraka, bila rangi ya kwanza ya kuishikilia, ikawa inabanduka vipande vipande na aluminiamu kuonekana. Fundi huigiza hivi: hupaka rangi ya fedha, huiacha ikauke, huilowesha kidogo, hunyunyiza chumvi ya jikoni, na ikisha kukauka hupuliza kijani juu yake. Kijani nacho kikikauka huisugua chumvi ikadondoka, na mahali ilipokuwa fedha hutokeza. Ni kazi ya kupendeza sana. Lakini uliza kwa nini haraka ile. Mwaka 1944 vijana wa Japani wa umri wetu walitolewa madarasani wakapelekwa viwandani kutengeneza ndege. Tarehe 7 Desemba mwaka huo tetemeko la ardhi liliangusha majengo ya viwanda vya ndege katika sehemu za Nagoya, na wanafunzi wengi wakafa chini ya matofali, wakiwamo wasichana waliochukuliwa kutoka Korea. Tangu niliposoma habari hiyo, nikiinyunyiza chumvi sioni pambo.

Katika ndege tano tulizochonga, ndogo kuliko zote ni Ohka. Kwa kipimo cha 1 kwa 72 mabawa yake hayafiki sentimeta 8. Kazi hiyo alipewa kijana wa Kidato cha Kwanza kwa kuwa ni rahisi, mwili kama kijiti kinene na mabawa mafupi. Alipomaliza alikuja kwangu na mchoro mkononi akaniuliza, "Kaka, magurudumu yake yako wapi? Sikuyaona." Nikautazama mchoro, kwa kweli hayapo. Ohka haikuwa na magurudumu kwa sababu haikukusudiwa kutua. Ilikuwa bomu lenye mabawa, tani moja na zaidi, na ndani yake ameketi kijana wa kuliongoza mpaka kwenye meli ya adui. Ilichukuliwa chini ya tumbo la ndege kubwa, ikaachiliwa, na ndiyo ilikuwa safari. Yule mdogo wetu aliirudisha mezani polepole kama kitu cha moto, akaniuliza tena, "Walijua?" Nikamwambia walijua. Nawauliza wale wanaotaka tuchonge mabasi: ni somo gani la Historia ambalo lingemfundisha mtoto yule jambo hilo kwa namna ile?

Sasa nije kwa wale wanaotaka duara jekundu lifutwe. Nawaheshimu, nia yao ni njema, lakini wanataka tuseme uongo kwa brashi. Ndege isiyo na alama ni ndege isiyo na mwenyewe. Tukilifuta duara, yule mzee atapita mezani bila kuumia, hilo ni kweli; lakini na mwanafunzi atapita bila kujua ni nani aliyemwumiza nani. Tena duara lile ndilo lililomo katika bendera ya Japani mpaka hivi leo, na nchi hiyo ni rafiki yetu. Aliyeweza kuishi na bendera hiyo hawezi kushindwa na duara la sentimeta mbili. Kinachotakiwa ni maneno ya kweli yaandikwe kando yake.

Na wale wenzangu wasemao kwamba ni vitu vya kuchezea tu, nawaomba wasikilize habari hii. Mwanzoni mwa mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule za nchi ile watengeneze ndege za mfano 500,000 katika vyumba vyao vya useremala. Kipimo chake kilikuwa 1 kwa 72, hichohicho tunachotumia sisi, na zote zilipakwa rangi nyeusi. Kwa nini nyeusi? Kwa sababu hazikuwa za kupamba. Askari aliwekwa mbali kiasi cha futi 35, akaonyeshwa umbo tu, ajifunze kuitambua ndege ya Mjapani au ya Mjerumani kama kwamba iko mbali kiasi cha nusu maili angani, ili aipige ya adui na asiipige ya rafiki. Upande wa pili, shule za Japani katika miaka hiyohiyo zilifundisha watoto kutengeneza ndege za mfano ili mioyo yao izoee mambo ya anga na jeshi. Basi vijana wa pande zote mbili walikaa na msasa na gundi, wakachonga kama tuchongavyo, na kazi ya mikono yao ikaingia vitani. Mtu aliyesoma hayo hawezi kusema "ni vya kuchezea tu." Ndege ya mfano hufanya kazi ile inayopewa. Ya kwetu hatukuipa kazi yoyote, ndiyo maana ilimwumiza mzee wa watu.

Mimi naona ipewe kazi. Meza irudishwe, Zero iondolewe pale katikati, na mahali pake ziwekwe ndege mbili mpya. Ya kwanza ni Hayabusa, na kando yake ramani ya Burma yenye njia ya Divisheni ya 11. Ya pili ni ndege ambayo naamini wasomaji wengi hawajapata kuisikia, ingawa ilipita juu ya mji wetu huu.

Mwezi wa Mei 1942 nyambizi ya Kijapani iitwayo I-30 ilikuwa katika bahari yetu. Ndani ya chumba kisichoingia maji ilibeba ndege ndogo ya watu wawili, yenye maboya badala ya magurudumu na mabawa ya kufungua na kufunga. Nyambizi ikizuka usiku au alfajiri, mafundi waliiunga ndege, wakairusha kwa mtambo, na ikirudi ilitua majini ikainuliwa kwa winchi. Jina lake ni Yokosuka E14Y. Wamarekani na Waingereza waliiita Glen. Ndege ya I-30 ilipeleleza Aden, kisha Djibouti, na tarehe 19 Mei ikaruka juu ya Zanzibar na Dar es Salaam. Wajapani walikuwa wakizitafuta manowari za Waingereza. Mwisho walizikuta Diego Suarez, kaskazini ya Madagaska. Tarehe 30 Mei nyambizi zao ndogo zikaijeruhi manowari Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta British Loyalty. Fikiri kama manowari zile zingekuwa zimetia nanga hapa kwetu, mbele ya Kivukoni.

Ndege ya namna hiyohiyo, kutoka nyambizi nyingine, ilitupa mabomu ya moto katika msitu wa Oregon, Marekani, tarehe 9 Septemba 1942, karibu na mji mdogo wa Brookings. Msitu ulikuwa umelowa, moto haukuenea. Rubani wake, Fujita Nobuo, alialikwa na watu wa mji huo mwaka 1962, akaenda na upanga wa ukoo wake uliokuwa na umri wa miaka 400, akawapa. Baadaye alirudi akapanda mti pale mabomu yalipoanguka. Haya nayo yaandikwe kwenye kijikaratasi, hata kama kijikaratasi kitakuwa kikubwa kuliko ndege.

Upana wa mabawa yake ni mita 10.98, kwa hiyo kwa kipimo chetu itatosha kipande cha paina cha sentimeta 16. Michoro nimekwisha ipata. Kazi ngumu itakuwa vijiti vya kushikilia maboya, ambavyo nadhani tutavifanya kwa waya wa mwavuli.

Jumamosi iliyopita mjukuu wake alinipeleka nyumbani kwa yule mzee. Nilimwomba radhi, nikamweleza habari ya I-30. Hakuwa ameisikia kamwe. Akaniuliza, "Yaani Mjapani alikuwa juu yetu hapa, na rubani wake aliuona mji?" Nikamjibu, "Ndiyo, babu, ndiyo kazi iliyomleta." Akafikiri kitambo, akasema, "Basi mchongeni. Ila msimpendezeshe mno." Halafu akaingia chumbani akatoka na picha ya baba yake amevaa kofia ya Keya, akasema kama tutaiweka ndege mezani na picha hii itawekwa, naye atakuja kuketi kando yake kuwaeleza watu.

Mbao tunazo, na picha tumeahidiwa. Tunangoja ufunguo wa kabati.